Shajara ya nyumba ya mnada: kutoka Rangi Tatu hadi Toangoma

11 Januari 2025, Jumamosi

Daftari limefunguliwa leo. Ni kaunta buku la binti yetu wa darasa la tano. Kurasa za mbele zina hesabu zake za sehemu, sisi tumeanzia nyuma. Baba watoto amepiga mstari katikati, kushoto pesa, kulia nyumba. Kushoto kuna milioni 31, yaani kiwanja cha Kisarawe tulichouza Novemba pamoja na akiba yetu, na milioni 20 za mkopo wa SACCOS ya walimu ambao umeshapitishwa. Jumla milioni 51. Kulia hakuna kitu.

Kujenga tulishajaribu. Kile kiwanja tulikipandisha msingi mwaka 2019, ukaota majani mpaka mbuzi wa jirani wakapafanya pa kulala. Hapa Rangi Tatu, Dar es Salaam, kodi ni 200,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo. Nyumba iliyokwisha ya vyumba vitatu, mahali penye hati, dalali wa mtaani hakutajii chini ya milioni 57. Ndipo mwalimu mwenzangu akaniuliza wakati wa chai: mbona hamwangalii za benki?

Za benki, maana yake nyumba zilizowekwa dhamana na mkopo ukashindikana. Benki inampa mkopaji notisi ya siku 60 alipe au arekebishe. Zikiisha hajafanya kitu, Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999 inairuhusu iuze. Dalali wa mnada anatangaza siku 14 kabla. Tangazo la gazetini peke yake halitoshi, sheria ya madalali inataka pia njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Kumbe ndiyo maana ya yale magari yenye spika yanayopita mtaani asubuhi, ambayo mimi miaka yote nilidhani ni mbwembwe tu.

Dada yangu nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa: "Unachukua mkopo kununua nyumba ya mtu aliyeponzwa na mkopo!" Nimeiandika kabisa, isije ikasemwa hatukuambiwa.

25 Januari

Kivule. Tangazo lilisema "nyumba ya kisasa ya makazi". Kisasa chake ni vigae vya barazani. Dhamana yenyewe ilikuwa leseni ya makazi, si hati, na majirani wawili wa upande wa kushoto walianza kubishana mbele yetu mpaka umepita wapi, huku wakituonyesha miti tofauti. Leseni ya makazi nayo ni karatasi halali, siidharau, lakini eneo halijapimwa na sisi hatuna umri wa kesi za mipaka. Tumerudi. Nauli na soda: 9,400.

15 Februari

Mnada wa kwanza kuhudhuria, Chanika. Nyumba nzuri kweli, bati la geji 28, madirisha ya aluminiamu. Tulifika saa tatu na nusu, mnada saa nne. Watu kama ishirini. Dalali kashika kipaza sauti, anajaribu sauti, moja mbili, moja mbili. Mara ikasimama bajaji, akashuka kijana wa suti na bahasha ya kaki. Wakanong'ona. Dalali akasoma zile karatasi mara mbili, akazima kipaza sauti.

Zuio. Mke wa mkopaji amefungua shauri kwamba nyumba ni ya ndoa na yeye hakuridhia iwekwe rehani. Mzee mmoja aliyekuwa amevaa kandambili akatupa somo bure pale pale chini ya mwembe. Anahudhuria minada miaka mingi, nadhani kwake ni kama mpira. Alisema kesi ya mke ndiyo inayovunja minada kuliko zote, kwa sababu kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinataka mwenza aridhie nyumba ya ndoa kuwekwa dhamana. Mkopaji anatakiwa aseme kama ana mwenza, na benki ihakikishe. Wengine wanasema hawana mke, benki inaridhika na kiapo, siku ya mnada mke anaibuka na cheti cha ndoa cha mwaka 1998.

"Sasa ninyi," akamwambia baba watoto, "kabla hamjaangalia bati, ulizeni mke yuko wapi."

Baba watoto aliiandika kwenye kiganja. Mimi nikaihamishia hapa.

8 Machi

Toangoma. Hii tumeisikia kwa gari la spika, si gazetini. Lilipita Kongowe mwanafunzi wangu mmoja akaja kuniambia. Vyumba vitatu, kimoja kina choo ndani, sebule, jiko, na chumba kimoja cha uani kimepangishwa. Eneo ni katika vile viwanja vya mradi wa viwanja 20,000 vya jijini, ambao serikali iliuanza mwaka 2002: Kibada, Buyuni, Bunju, Toangoma na kwingineko. Barabara za ndani zimenyooka, kila kiwanja kina namba na kitalu. Ndiyo maana wenye nyumba za huku walikopesheka, na ndiyo maana za mnada nazo zipo.

Hatukuingia ndani. Benki haina funguo, wenyewe bado wanaishi. Tulizunguka kama watu wanaotafuta njia. Ukutani kwa mbele kuna maandishi ya rangi nyekundu, NYUMBA HII INAUZWA, na juu yake mtu amejaribu kupaka chokaa, lakini nyekundu imejitokeza tena, imekuwa ya waridi.

15 Machi

Mnada wa Toangoma umefanyika na haujafanyika. Waliotokea ni watatu tu, ni mwezi wa Ramadhani na jua kali. Dau la juu lilifika milioni 36. Benki ina bei yake ya chini ambayo haisemwi hadharani. Dalali alipiga simu, akatikisa kichwa, akafunga. Sisi hatukutamka hata senti. Tulikwenda kutazama tu namna watu wanavyopandishana.

Lakini nimejifunza kitu hapa ambacho hakuna aliyetuambia. Bei ikiwa rahisi mno nayo ni mtego. Wakili tuliyemtafuta (ni mzazi wa shuleni kwetu, ametupunguzia) anasema kifungu cha 133 kinaitaka benki iuze kwa bei bora inayoweza kupatikana. Ikiuza chini ya bei za nyumba za aina hiyo sokoni kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kwa kudhani kwamba haikutimiza wajibu wake, na inabaki juu yake kuonyesha vinginevyo. Mnunuzi wa nia njema analindwa na kifungu cha 135, mkopaji atadai fidia kwa benki, lakini kulindwa na kuachwa ulale ni vitu viwili. Unaweza ukaitwa Baraza la Ardhi miaka mitatu ukiwa na haki yako mfukoni.

Basi tukaenda kwa mjumbe, tukauliza nyumba za hapo zimeuzwaje karibuni. Mbili: moja milioni 57, nyingine 60. Wastani 58 na nusu. Asilimia 25 chini yake ni kama milioni 43 na laki 9. Kwa hiyo tunatafuta kununua juu ya 44, na dari letu ni 46 kwa sababu milioni 5 lazima ibaki kwa mambo yanayofuata. Nafasi yetu ni upana wa milioni mbili. Baba watoto anasema ni kama kupitisha friji mlangoni. Yeye ni fundi friji, kila kitu kwake ni friji.

12 Aprili

Imenyesha tangu alfajiri, tukasema leo ndiyo siku. Nyumba ikaguliwe kwenye masika. Kiangazi nyumba zote ni nzuri.

Kiwanja kimeegemea mteremko. Maji yanashuka kutoka barabara ya juu, yanapiga kona ya nyuma ya nyumba, yanakata kamfereji hadi kwa jirani wa chini. Mama wa jirani huyo alitukaribisha barazani kwake bila kuuliza sisi ni nani, nadhani alijua. Kutokea pale tuliona ukuta wote wa nyuma. Fundi tuliyekuja naye alisogea mpaka kwenye uzio, akaingiza mkono kwenye tundu la tofali, akagusa. Ufa unaanzia kona ya dirisha la jiko unashuka kwa mshazari hadi kwenye msingi, kidole cha mwisho kinaingia mpaka kwenye kucha. Chini, kama futi mbili kutoka ardhini, plasta imekula chumvi. Ukiipapasa inadondoka kama unga wa sembe.

"Ringi bimu iko," akasema, yaani ule mkanda wa zege unaofunga kuta. "Ufa huu ni wa maji, si wa nguzo. Mfereji na plasta mpya." Akanusa vidole vyake, sijui kwa nini, mafundi wote wananusa. "Milioni mbili, ukinipa mimi."

Mlango wa uani ukafunguliwa. Akatoka mama wa makamo na ndoo, akatuona, akatuangalia. Nikamwamkia shikamoo nikiwa upande huu wa uzio. Akaitikia marahaba, akakinga maji ya bati, akarudi ndani.

Nyumbani hatukuzungumza sana jioni ile.

24 Aprili

Majibu ya sachi, yaani upekuzi wa kumbukumbu za hati kwa Msajili wa Hati, yametoka. Jina ni la mume. Rehani ni moja tu, ya benki hiyo hiyo, hakuna zuio lililosajiliwa. Miaka iliyobaki kwenye hati inatosha kutuzika sisi na kuwaachia wajukuu. Kodi ya pango la ardhi haijalipwa tangu 2018.

Wakili hakuishia hapo. Sachi inaonyesha yaliyosajiliwa; kesi iliyofunguliwa juzi haimo. Kwa hiyo amepita Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na masjala ya mahakama kuulizia kwa majina, hakuna. Akaomba benki imwonyeshe ridhaa ya mke, ipo, na sahihi na picha. Mama wa ndoo. Kwenye picha amevaa gauni la kitenge na anatabasamu kidogo, kama watu wanavyotabasamu siku ya kupewa mkopo.

10 Mei, Jumamosi

Mnada wa pili. Nitauandika wote.

Nimeandika 46 kwenye kiganja cha kushoto kwa kalamu ya bluu. Tulikubaliana nani ataongea: mimi. Baba watoto ana roho nyepesi, angefika 50 kwa kuona aibu tu. Masharti yalisomwa: nyumba inauzwa kama ilivyo, mshindi analipa asilimia 25 papo hapo na asilimia 75 ndani ya siku 14, akishindwa cha kwanza hakirudi, kodi na gharama zote za uhamisho ni za mnunuzi. "Kama ilivyo" aliisoma haraka kuliko mengine.

Tulikuwa saba wenye nia. Wawili kati yao sikuwaelewa. Wamevaa vizuri, hawakuangalia nyumba hata mara moja, wanaangalia wenzao. Mzee wa kandambili (yupo huku pia!) alinigusa kiwiko: wale ni wapandishaji wa dau tu, usishindane nao, shindana na daftari lako.

Dau likaanza 38. Likaenda kwa laki tano tano. Wakati wote huo mama mwenye nyumba anafagia uwanja. Hakuingia ndani, hakulia, hakumtukana mtu. Anafagia kwa fagio la chelewa, ameinama, mistari ya fagio imejipanga vizuri kabisa kwenye mchanga, na akifika miguuni kwa watu anasubiri wasogee. Dalali alisogea. Mimi nilisogea. 42. 43. Mpandishaji wa kwanza akasema 44, mimi nikasema 44 na nusu sauti ikakwaruza. Mpandishaji wa pili 45. Nikaangalia kiganja, jasho limeshaifuta sita, imebaki nne na doa. Nikasema 45 na nusu.

Kimya. Kuku anakwaruza nyuma ya nyumba. Dalali akapiga simu benki, akageuka upande wa ukuta, akarudi. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mama akasimamisha fagio.

Mara ya tatu.

11,375,000 zilikwenda kwa simu hadi akaunti ya benki yenyewe, jina tukilihakiki herufi kwa herufi. Wakili alisisitiza pesa isipite mkononi mwa dalali hata kama ni mtu mwema, na yule hakuwa mtu mbaya. Nimepewa stakabadhi na hati ya mauzo ya mnada. Nilitaka kumuaga mama yule, nikashindwa nimwambie nini. Tumekula chipsi Kongowe, hazikupita.

23 Mei

Siku ya 13 kati ya 14. Fedha za SACCOS zilikwama kwa sababu ya sahihi moja ya mjumbe wa bodi aliyekuwa msibani. Siku tatu hizi nimepungua. Asilimia 25 ingepotea ingekuwa milioni 11 kwa sababu ya kalamu. Leo saa saba na dakika ishirini mchana 34,125,000 zimeingia. Nimelala kuanzia saa tisa mpaka magharibi na hakuna aliyeniamsha.

Anayenuia njia hii aishike hii moja: mkopo uwe umeshaingia kwenye akaunti kabla ya mnada. Kupitishwa si kuingia.

31 Mei

Benki imetuandikia barua ya kutukabidhi. Barua tu; nyumba ina watu. Dalali alituambia tuna namna mbili, ya kisheria, twende tukaombe amri ya kuwatoa, au ya kibinadamu. Jirani mmoja wa Rangi Tatu alitoa ya tatu, tukodi mabaunsa na tung'oe bati. Huyo tulimshukuru tukabadilisha mazungumzo. Nyumba ni yetu kwenye karatasi, lakini kumtoa mtu kwa nguvu bila amri ni kujitafutia kesi ukiwa wewe ndiye mwenye haki.

Tumekwenda na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe. Mzee mwenye nyumba alitukaribisha viti vya plastiki barazani. Alikopa akanunua kenta ya kubebea saruji, injini ikafa mwezi wa nane, akakopa kwingine kuifufua, ikafa tena. Alieleza kwa sentensi tatu kama mtu anayesoma risiti. Kisha akanyamaza kabisa, mazungumzo yakawa ya wanawake.

Nilidhani mama ataniomba muda. Akaniuliza, "Wewe ni mwalimu, eti?" Nikasema ndiyo. Akasema mtoto wao wa mwisho yuko darasa la saba, shule ya hapa hapa, ameshasajiliwa na namba ya mtihani anayo, mtihani ni Septemba. Wamepata vyumba Mbande. Mtoto ataamkaje kutoka Mbande? Nyumba hakuitaja hata mara moja.

Hilo nalijua kuliko sheria ya ardhi. Mtahiniwa akishasajiliwa kituo ndiyo kituo. Mjumbe, ambaye ana wajukuu wa rika hilo, akasema mtoto alale kwake siku za shule, hana neno.

Tumeandikishana mbele ya mwenyekiti: wiki sita, hadi 12 Julai. Tunawapa laki nane sasa za gari na kodi ya kuanzia, na laki nne siku ya kukabidhiana, nyumba ikiwa na milango yake saba, grili zote, masinki, tenki la maji na swichi. Hii ya mwisho ni ushauri wa mzee wa kandambili. Nyumba nyingi za mnada zinakabidhiwa zikiwa maganda. Mtu akishajua si yake tena anang'oa hata fremu, na nani atamlaumu. Milango saba mipya ya mbao ngumu na vitasa vyake ingetugharimu zaidi ya hiyo milioni moja na laki mbili.

Baba watoto alisema njiani kwamba tumewalipa watu watoke kwenye nyumba yetu. Nikamwambia tumenunua milango. Akafikiri mpaka Mbagala Kuu. "Sawa," akasema, "milango."

12 Julai

Wametoka. Gari lilikuja saa mbili, lilijaa saa tano. Tuliihesabu milango pamoja, mimi na mama, yeye akifungua na kufunga kila mmoja anionyeshe unavyobana au usivyobana. "Huu wa chumbani uinue kidogo." Aliniachia pia mahali pa kufungia maji ya bomba, chini ya kigae kilicholegea, pale nisingepajua mpaka siku ya mafuriko. Laki nne zikahesabiwa juu ya boneti. Mzee alishika mkono wa baba watoto muda mrefu.

Mpangaji wa chumba cha uani hakuwepo kwenye hesabu zetu. Alishalipa kodi hadi mwisho wa Agosti kwa mwenye nyumba wa zamani, na pesa hiyo imeshaliwa. Tungeweza kumwambia kamdai uliyemlipa. Ni kijana anauza miwa. Tumemwacha amalize.

20 Julai

Madeni yamejitokeza kama panya baada ya kuhamisha kabati. Bili ya maji 214,000, bado iko kwa jina la Mzee. Pango la ardhi pamoja na adhabu 386,000. Umeme hawakununua tangu Desemba, walikuwa wanatumia taa ya sola. Nikanunua LUKU ya 20,000, ikakatwa kwanza kodi ya jengo ya miezi saba, 1,500 kila mwezi, uniti zikaja chache nikadhani nimekosea namba. Haya yote ndiyo ile "kama ilivyo" iliyosomwa haraka.

Fundi ameanza na mfereji wa nyuma kabla ya plasta, na hapo tuligombana kidogo kwa sababu baba watoto alitaka rangi kwanza ili tuhamie. Ukipaka rangi juu ya chumvi umepaka rangi juu ya chumvi. Wameitoa plasta yote ya chini hadi kwenye tofali, wanauacha ukuta ukauke wiki mbili. Mbao za dari sebuleni zina mchwa upande mmoja tu. Amedai milioni 1.9 badala ya mbili, nikaogopa, nikamuuliza amepunguza nini. Kumbe mfereji ameuchimba na kijana wa miwa, ambaye amekataa kulipwa.

2 Agosti

Daftari, upande wa kushoto: nyumba 45,500,000, wakili milioni moja, ushuru wa stempu asilimia 1 ambao ni 455,000, pango, maji, ile milioni na laki mbili ya milango, na fundi. Zimebaki 345,000 kati ya milioni 51. Hati iko kwenye uhamisho. Benki imeshasaini, wakili anafuatilia, bado kuna ada. Makato ya SACCOS yameanza kwenye mshahara wa Julai. Niliiangalia ile salio ya mshahara kwa dakika nzima.

Upande wa kulia baba watoto ameandika namba ya kiwanja na kitalu, akaichorea kisanduku.

9 Agosti

Tumelala hapa usiku wa kwanza, magodoro chini, chumba kimoja sote. Alfajiri nikasikia kuku nyuma ya nyumba. Kuku gani, walipakiwa wote kwenye kenta, niliwaona kwenye tenga. Nikazunguka na tochi ya simu. Nyuma ya tenki, kati ya tofali zilizobaki na ukuta, kuna tetea mwekundu amelala kwenye majani makavu, amenitolea mdomo. Siku ya kuhama alikuwa ametoroka tu, na mafundi walimwona wakadhani ni wa kwetu.

Nikampigia mama Mbande. Alicheka, mara ya kwanza namsikia akicheka. "Huyo! Nimemtafuta mpaka nikasema ameliwa. Ana mayai?" Nikasema anayo, sijayahesabu, ananidonoa. "Basi usimguse mwalimu, mwache aatamie mpaka aangue. Akishaangua tutagawana."

17 Agosti

Vifaranga tisa. Mmoja mweusi. Nimempa habari mtoto wa darasa la saba alipopita kwenda kwa mjumbe, akaacha begi getini akakimbia moja kwa moja nyuma ya nyumba, anapajua. Mama yake anakuja Jumamosi na tenga.

Plasta mpya imekauka. Fundi anaanza rangi Jumatatu.